Kimeingia Mdomoni, Bado Hakijaingia Mwilini

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye Siku ya Afya na Lishe ya kijiji chetu, wilayani Mufindi. Wengi siku ile walikuwa vinyunguni, yaani kwenye bustani za mabondeni, wengine walikwenda msibani, wakaniomba niiweke yote kama nilivyoisema.

Kamwene!

Sijasikia vizuri. Kamwene!

Mwenyekiti wetu wa kijiji, mtendaji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wazee wangu, mama zangu, baba zangu, na ninyi watoto wa darasa la sita mlioshika kamba pale mbele: asanteni kwa kuja na ukungu huu. Wengi mnanijua. Nimekuwa muuguzi miaka 32, na nusu ya miaka hiyo nimeimaliza wodi ya watoto. Leo sikuja kuwafundisha kupika. Kupika mnajua kuliko mimi. Nimekuja kuzungumza juu ya kinachotokea baada ya kula, tonge likishapita kooni na sisi tukalisahau.

Nianze na swali. Nani hapa ana mahindi ndani, ya kufika mavuno yajayo? Nyoosheni mikono. Naona. Karibu wote. Na maharage? Na viazi? Shusheni mikono, asanteni.

Sasa nisikilizeni. Mwaka 2022 ulifanyika utafiti wa afya wa taifa, watoto wa chini ya miaka mitano wakapimwa urefu nchi nzima. Kati ya watoto 100 wa Tanzania, 30 walikuwa wamedumaa, yaani wafupi mno kwa umri wao. Rukwa walikuwa 50. Njombe 50. Na Iringa, mkoa wetu huu wenye mahindi na viazi na vinyungu, walikuwa 57. Hamsini na saba! Tuliongoza nchi nzima.

Inakuwaje? Kihenge kimejaa, mtoto anakula asubuhi, mchana na jioni, mama anaapa kwamba anakula, na kweli anakula. Chakula kinakwenda wapi?

Zipo sababu nyingi, na sitazitaja zote: mama aliyebeba mimba akila ugali na mboga moja tu, mtoto aliyelikizwa mapema, kazi za shamba zinazomwacha mtoto na dada yake wa miaka saba. Ila ipo moja ambayo haizungumzwi mikutanoni kwa sababu haionekani kwa macho, na ndiyo iliyonisimamisha hapa. Ishikeni hii: kimeingia mdomoni, bado hakijaingia mwilini.

Wanangu, nyoosheni kamba. Vuteni, msiogope. Hiyo kamba ina meta 9, nimeipima mwenyewe. Ndiyo njia ya chakula ya mtu mzima kuanzia mdomoni hadi haja kubwa, kama ingetolewa na kunyooshwa. Tukiwa hai misuli yake huwa imejikaza, kwa hiyo huwa fupi kuliko hapo, lakini mnaona wenyewe kwamba si jambo la shubiri mbili. Ni bomba lililo wazi huku na wazi kule. Mwanamke aliyevaa shanga hapa anielewe: uzi umepita katikati ya shanga, lakini umeingia kwenye kioo cha shanga? Haukuingia. Umepita tu. Na chakula hupita katikati yetu vivyo hivyo.

Niliwahi kumpokea mtoto wa miaka mitatu aliyemeza sarafu ya shilingi hamsini. Mama yake alikuja analia. Tukampiga eksirei, tukaiona sarafu imeshafika tumboni, tukamwambia arudi nyumbani na awe anaangalia poti. Siku ya tatu akaikuta. Ilikuwa ileile, hata maandishi yake yanasomeka. Sarafu ile ilisafiri njia yote ya yule mtoto, ikapita karibu na moyo, karibu na ini, lakini mwilini mwake haikuingia hata chembe. (Hapa niseme neno, maana sitaki mtu aondoke na kosa: mtoto akimeza kitu chochote mpelekeni kituoni, na akimeza betri ile ndogo ya duara kimbieni, kwa sababu huunguza umio ndani ya saa mbili.)

Kimeingia mdomoni, bado hakijaingia mwilini. Ili kiingie kuna kazi mbili: kukatwakatwa hadi kiwe kidogo sana, halafu kuvuka ukuta wa bomba hili.

Kukatwa kunaanzia mdomoni, na si kwa meno peke yake. Leo jioni mkifika nyumbani, chukueni tonge la ugali mtupu, bila mboga. Tafuneni bila kumeza, mhesabu hadi 60. Litaanza kuwa tamu. Nani ametia sukari? Mate ndiyo yametia. Ndani ya mate kuna kimeng'enya kinachoukata wanga na kuugeuza kuwa sukari, na mtu mzima hutoa mate lita moja hadi moja na nusu kwa siku. Basi tunapowaambia watoto watafune taratibu, si adabu tu. Wakati wanatafuna, kazi imeshaanza.

Tonge likimezwa halidondoki kama jiwe kisimani. Umio una misuli inayolikamua kwenda chini, kwa sekunde kumi hivi, na hufanya hivyo hata ukiwa umelala chali. Halafu tonge linafika kwenye mfuko wenyewe, tumbo.

Watu walijuaje kinachotokea humo? Kwa muda mrefu hawakujua. Wengine walidhani chakula huoza, wengine walidhani husagwa kama kwenye jiwe la kusagia. Tarehe 6 Juni 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mbeba mizigo wa wafanyabiashara wa ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi ya bahati mbaya kwa karibu. Ikapasua ubavu na tumbo. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akiamini hatapona. Akapona! Lakini tundu halikuziba. Lilibaki dirisha ubavuni, ukichungulia unaona ndani ya tumbo la mtu aliye hai.

Kuanzia mwaka 1825 Beaumont akawa anafunga kipande cha nyama kwa uzi wa hariri, anakitumbukiza kupitia lile tundu, anasubiri, anakivuta kuona kimefika wapi. Akachota maji ya tumbo akayatia kwenye chupa, akaipasha joto la mwili, akaweka nyama humo. Nyama ikayeyuka nje ya mtu. Basi ikajulikana: tumbo haliozeshi wala si jiwe la kusagia. Lina maji makali, asidi, yenye kimeng'enya cha kukata nyama. Akaona pia kwamba kijana yule akikasirika, chakula kilichelewa. Mimi sikupenda namna alivyomtumia maskini yule miaka yote ile, akimwita na kumrudisha kama mali yake, na ninalisema kila ninaposimulia. St. Martin aliishi hadi mwaka 1880, tundu lake ubavuni, na tunachokijua kuhusu tumbo tuna deni kwake kuliko kwa daktari.

Sasa mtu ataniuliza: asidi inayoyeyusha nyama, mbona haituyeyushi sisi? Swali zuri sana. Ukuta wa tumbo unajipaka ute mzito, unajipaka tena na tena, usiku na mchana. Ute ukishindwa, asidi inaukuta ukuta wenyewe, na hapo ndipo vidonda vya tumbo vinapoanza.

Hapa nina la moyoni. Nilipoanza kazi tuliwaambia wagonjwa wa vidonda: punguza mawazo, acha pilipili, kunywa maziwa. Niliwaambia akina mama wajane, wenye watoto sita, wapunguze mawazo! Wakati huohuo madaktari wawili wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walikuwa wameshamwona bakteria anayeishi ndani ya ule ute. Wenzao hawakuwaamini. Mwaka 1984 Marshall akanywa kikombe chenye bakteria hao. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na walipomtazama kwa kamera tumbo lilikuwa limevimba na kuwaka moto. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Wale wajane wangu walihitaji dawa za kuua bakteria kwa wiki mbili, nami niliwapa mahubiri. Kwa hiyo, ndugu zangu, mwenye maumivu ya chembe ya moyo yasiyoisha aende apimwe. Anayemeza dawa za maumivu ya mgongo kila siku baada ya kulima ajue kwamba nazo hutoboa ute. Na mwenye choo cheusi kama lami asingoje kesho, huyo anavuja damu ndani.

Bado niko kwenye tumbo, sasa tumbo la mtoto. Mtoto wa kilo 8 ana tumbo la kuchukua kama robo lita. Robo lita! Kikombe kimoja cha chai. Sasa tunampa nini? Uji mwepesi, unaotiririka kama maji ya kuoshea sufuria, kwa sababu tunasema mtoto hawezi mzito. Kikombe kimejaa, tumbo limejaa, mtoto anageuza uso, na mama anasema ameshiba. Ameshiba maji. Uji wa mtoto uwe mzito, ukiinamisha kijiko usimwagike haraka, uwe na karanga zilizosagwa, au parachichi lililopondwa, au maziwa, au yai. Parachichi tunawauzia watu wa mbali kwa makontena, mtoto wa nyumbani halionji. Kwa nini?

Tuendelee. Kamba, wanangu, msiilegeze. Tumbo lina mlango chini, hufunguka kidogo kidogo na kutoa chakula kikiwa rojo. Rojo ile inaingia sehemu yenye urefu wa vidole kumi na viwili vilivyopangwa, ndivyo wazee wa utabibu walivyoipima. Hapo inamwagiwa vitu viwili. Nyongo, inayotengenezwa na ini, kazi yake ni ya sabuni kwenye sufuria ya mafuta: inayavunja mafuta yawe matone madogo. Na maji ya kongosho, yanayoizima asidi na kuleta vimeng'enya vya wanga, vya mafuta na vya nyama. Chakula sasa kimekatwa. Kimekuwa sukari, kimekuwa vipande vya protini, kimekuwa mafuta madogo.

Na bado kiko nje! Tumekata, hatujavusha. Kimeingia wapi?

(Hapa watu walijibu: mdomoni!)

Na bado?

(Hakijaingia mwilini!)

Hapo hapo. Mnaona kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye kamba? Kuanzia hapo, meta 6 zote hizo, ni utumbo mwembamba. Lango liko hapa. Aliyewahi kuosha utumbo wa mbuzi anajua kwamba kwa ndani si laini kama plastiki, una manyoya manyoya kama taulo. Na wetu uko hivyo. Vile vinyuzi vimesimama kwa mamilioni, na juu ya kila kimoja vimesimama vingine vidogo zaidi. Ukivikunjua vyote unapata kama meta za mraba 30, chumba kizuri cha kuishi familia, kimekunjwa ndani ya tumbo la mtu. Kwa nini taulo? Kwa sababu taulo hunyonya kuliko plastiki. Hakuna siri nyingine.

Lango hili linafanya kazi ambayo wengi hawaijui. Kila siku lita 9 hivi za maji huingia humo: lita 2 tulizokunywa, na lita 7 mwili wenyewe umezimwaga, mate, maji ya tumbo, nyongo, ya kongosho, ya utumbo wenyewe. Karibu zote hurudishwa mwilini. Kwenye choo hutoka chini ya kikombe kimoja. Sasa fikirini lango likigoma kurudisha. Huko ndiko kuharisha. Mtoto hafi kwa kuwa ana kitu kibaya tumboni, anakufa kwa kuwa amekauka.

Mwaka 1971, wakati wa vita ya Bangladesh, wakimbizi walimiminika India, kipindupindu kikawavamia. Katika kambi moja mjini Bangaon alikuwepo daktari Dilip Mahalanabis. Wagonjwa walilala sakafuni, dripu zikaisha. Akajua jambo moja la kifiziolojia: mlango wa utumbo unaopitisha chumvi hufunguka vizuri chumvi ikija pamoja na sukari, na vyote viwili vikivuka, maji huvifuata. Mlango huo hubaki mzima hata kwenye kipindupindu. Basi akachanganya sukari, chumvi na magadi ya kupikia kwenye mapipa, akawaambia ndugu wa wagonjwa wachote wawanyweshe wenyewe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa kama 30 katika kila 100. Wakashuka hadi chini ya 4.

Ndiyo pakiti ya ORS hiyo mnayopewa zahanati bure na kuitupa juu ya kabati. Pakiti moja, lita moja ya maji safi, pamoja na vidonge vya zinki vya siku 10 mpaka 14. Akitapika, subirini dakika kumi, mmwanzie tena kijiko kwa kijiko. Msimnyime maziwa ya mama. Msimnyime chakula. Na msiseme "ni meno yanaota tu".

Sasa nifike kwenye ile hamsini na saba.

Miaka ya 1960 vijana wa Kimarekani wa kujitolea walikwenda kuishi Pakistan. Walikuwa vijana wenye afya, waliolelewa kwa maziwa na nyama. Baada ya kukaa huko madaktari wakauchunguza utumbo wao, wakakuta vile vinyuzi vya taulo vimefupika na vimenenepa, na unyonyaji umepungua, hata kwa ambao hawakuwa wakiharisha. Waliporudi kwao, baada ya miezi na wengine zaidi ya mwaka, taulo ikarudi kuwa taulo. Mnaelewa maana yake? Si ukoo. Si kwamba sisi Wahehe au Wabena ni wafupi. Ni vijidudu vya uchafu vinavyoingia kidogo kidogo kila siku. Havimwangushi mtu kitandani, ila vinaukwangua utumbo mpaka taulo inakuwa kama turubai. Ukilimwagia turubai maji yanakwenda wapi? Yanapita.

Mtoto wetu anakula, taulo imechakaa, chakula kinapita. Na kile kidogo kinachovuka mwili unakitumia kupigana na vijidudu vilivyopenya. Urefu utatoka wapi?

Vijidudu vinatoka wapi? Huko Zimbabwe watafiti walikaa kwenye maboma ya watu, saa baada ya saa, wakiandika kila kitu ambacho mtoto anayetambaa alitia mdomoni. Wakaona watoto wakila udongo wa uwanjani, na wengine wakila kinyesi cha kuku. Mama zao hawakuwa wazembe. Walikuwa wakifanya kazi, kama ninyi. Nami nimeingia nyumba nyingi hapa, najua kuku wanalala wapi: jikoni, pembeni ya moto, kwa sababu ya baridi na wezi. Na mtoto anatambaa wapi? Jikoni, pembeni ya moto, kwa sababu ileile.

Niwe mkweli kwenu. Kenya, Bangladesh na Zimbabwe walijaribu kujenga vyoo na sehemu za kunawia, wakawapima watoto. Urefu haukuongezeka kwa hayo peke yake. Waliopewa chakula cha nyongeza chenye virutubisho waliongezeka kidogo. Wengine wakasema basi, usafi hauna kazi. Mimi sivyo ninavyosoma. Ninasoma kwamba usafi nusu nusu hautoshi: choo kizuri nyuma ya nyumba hakimsaidii mtoto ambaye kinyesi cha kuku kiko mbele yake sakafuni. Kwa hiyo naomba mambo ambayo hatujazoea kuyaomba. Banda la kuku nje, la mabanzi, baba zangu, mbao za Mufindi tunazo. Mkeka au turubai safi la mtoto tu, lisilokanyagwa na viatu. Kinyesi cha mtoto nacho kitupwe chooni, maana mnasema cha mtoto hakina ubaya, nacho kina ubaya uleule. Kibuyu chirizi, kile cha kunawia kwa maji yanayochirizika, kiwepo chooni na kiwepo jikoni. Na yai la yule kuku limwingie mtoto tumboni badala ya kwenda gulioni trei nzima.

Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha yote kila baada ya siku tatu hadi tano. Mtoto mliyenaye leo, wiki ijayo ana taulo mpya. Swali ni tutaitandika wapi.

Utumbo mpana nitaupitia haraka, baridi inazidi. Meta moja na nusu ya mwisho, hunyonya maji yaliyobaki, na hulea bakteria wengi wanaotufaa. Hao chakula chao ni makapi. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Uganda miaka mingi, alilinganisha choo cha Waafrika wa vijijini na cha Waingereza: aliwamezesha vidonge vinavyoonekana kwenye eksirei, akakusanya vinyesi kwenye mifuko, akahesabu siku. Wa vijijini walipata choo kingi, laini, na mapema. Waingereza walikuwa na choo kidogo, kigumu, kilichochelewa. Tofauti aliyoishika ni makapi ya nafaka. Nasi tunayapeleka wapi makapi yetu? Tunakoboa mahindi, pumba tunampa nguruwe, sisi tunakula sembe nyeupe, halafu tunapanga foleni na bawasiri. Kuleni dona. Lakini chagueni mahindi kwanza, yaliyoota ukungu msisage, maana sumu ya ukungu huo haitoki kwa kupikwa na hulidhuru ini.

Maswali nitayajibu tukiwa tunakula. Nimeambiwa makande yameiva. Wanangu wa darasa la sita, asanteni, mikono imewachoka. Kunjeni kamba taratibu, kuanzia upande wa haja kubwa, muilete hapa mezani. Halafu ninyi ndio mtangulie pale kwenye kibuyu chirizi, sabuni ipo, wakubwa tutawafuata nyuma.